Azimio la Kumuua Mfalme

Sura ya Sita

Mpaka saa moja na nusu asubuhi ya Alhamisi ile, Inspekta Erasto Kibiki alikuwa amekusanya majina thelathini na moja ya watuhumiwa, na hakujua ni wangapi kati yao walikuwa watu.

"Jemadari Mwangwi," alisoma kwenye daftari lake. "Huyu anakaa mtaa gani?"

"Hakai, afande," alijibu Koplo Sabina. "Ni wa kitabuni."

"Malkia Tandu?"

"Wa kitabuni."

"Bi Nyangala, muuza chumvi?"

"Naye wa kitabuni, afande, ingawa mimi nampenda sana."

"Omari Chilumba?"

"Huyo ni mtu. Fundi cherehani wa Rahaleo. Ndiye aliyenipunguzia hii sketi."

Kibiki alichukua rula akaanza kukata majina, moja moja, bila haraka, kwa kuwa alikuwa mtu wa rula. Alikata ishirini na sita. Yalibaki matano, na matatu kati ya hayo yalikuwa namba tu: Mjumbe wa Tatu, Mjumbe wa Nne, Mjumbe wa Tano. Alivua kofia akajifuta jasho. Mwezi wa Novemba mji wa Mtwara hauna huruma na mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya Njombe, na Kibiki alikuwa na miaka miwili tu kusini.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mohamedi Nampoto, karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali pale mjini, mseja, mpole, mtu wa kuamkia kila anayepita, hakuonekana kazini tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Polisi walipovunja kufuli la chumba chake walikuta kitanda kimetandikwa vizuri na juu yake karatasi nne zenye mwandiko mzuri wa kalamu ya wino. Kichwa cha habari kilisema: *Muhtasari wa Kikao cha Tisa, Novemba 4, 1972*. Chini yake kulikuwa na mahudhurio, yatokanayo, maazimio na mengineyo, kama muhtasari wowote wa tawi lolote la chama. Ila azimio la pili lilisema: *Kikao kimeazimia kwa kauli moja kwamba Mfalme aondolewe kitini kabla ya mwezi kuandama, na kiti kiende kwa mtu ambaye hakuna aliyemdhania.*

Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita. Watu wa vijiji vya mpakani walikuwa wakiingia shambani huku wakisikilizia ndege za Mreno, na mjini kila mgeni aliyeuliza njia alitazamwa mara mbili. Katika hali hiyo huwezi kumpelekea mkubwa wako karatasi ya namna ile, iliyotoka chumbani kwa mtu aliyetoweka, ukamwambia ni masihara. Mwandiko ulitambuliwa kuwa wa Mwalimu Rozalia Kapinga. Alikamatwa Jumanne, nyumbani kwake likapatikana daftari lenye mihtasari yote tisa, na kila alipoulizwa wajumbe ni akina nani, alikataa kuwataja. Sasa ofisa mmoja alikuwa anakuja na ndege kutoka Dar es Salaam, na saa nane mchana angeondoka naye. Wanaochukuliwa kwa mambo ya usalama hawarudi upesi, na wengine hawarudi kazini kabisa. Kila mtu pale kituoni alilijua hilo, na mwalimu mwenyewe alilijua zaidi.

"Mlete," alisema Kibiki.

Rozalia Kapinga aliingia amejifunga kanga juu ya gauni la kazini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye macho ya kuona mwanafunzi anayenong'ona nyuma ya darasa. Alimtazama Inspekta kwa macho hayo hayo.

"Mwalimu, leo sitaki vitisho," alianza Kibiki. "Nataka kuelewa. Hiki kikao ni cha nini?"

"Nimeshasema mara nne, Ndugu Inspekta. Ni cha wasomaji. Kuna hadithi inaitwa *Enzi ya Maji Mawili*. Inatoka kwa vijitabu vilivyorudufiwa kwa mashine ya saiklostaili. Vimetoka sita, na cha saba ndicho cha mwisho. Tunakutana dukani kwa fundi, tunabashiri yatakayotokea."

"Nani anaiandika?"

"Hakuna anayejua. Asubuhi moja unakuta bunda limefungwa kwa katani kwenye meza ya muuza magazeti sokoni. Juu pameandikwa: gawa bure."

"Na mkishabashiri, kwa nini muazimie? Mtu akibahatisha si anabahatisha tu?"

"Tulianza hivyo hivyo. Tukagombana. Kijitabu kikitoka, kila mmoja anasema, si nilisema mimi? Ndipo fundi akashauri tufanye kama tawini. Mwenyekiti, katibu, kura, muhtasari. Ubashiri ukipita kwa kura unakuwa azimio la kikao, tunaufungia kwenye kopo, tunasubiri."

"Kwa hiyo mliazimia mfalme aondolewe."

"Tulibashiri. Lakini muhtasari ni muhtasari." Alinyanyua kidevu. "Wewe umekaa vikao vingapi, Inspekta? Ulishaona azimio linaloanza na *huenda*?"

Kibiki alikuwa amekaa vikao vingi kuliko alivyopenda, na hakuwahi kuliona. Hilo ndilo lililomchanganya. Kila alichoambiwa na mwanamke huyu kilikuwa na mantiki, na kila kilichokuwa na mantiki kingeweza pia kutungwa na mtu mwenye akili anayeficha jambo. Jasusi gani angekosa kusema ni hadithi?

"Namba za wajumbe ni za nini?"

"Mtu akibashiri vibaya anachekwa mtaani mwaka mzima. Rahaleo unaijua. Mwalimu mzima niseme Malkia atazaa mapacha, halafu asizae! Nitaingiaje darasani? Tuliapa kwamba nje ya duka hakuna kutajana."

"Mohamedi Nampoto ni mjumbe wa ngapi?"

"Tuliapa."

"Mwalimu, huyo mtu huenda amekufa."

Rozalia aliibana midomo. Alikuwa na hofu, hofu ya wazi kabisa, na bado hakusema. Kibiki alitamani ampende kwa hilo na alitamani ampige makofi.

"Mwanangu yuko kwa jirani tangu Jumanne," alisema Rozalia hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ana miaka minne. Naomba mtu aende amwambie mama anarudi."

"Nitamtuma Koplo."

"Akiuliza lini, Koplo atamjibu nini?"

Kibiki alifunga daftari. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia mbili na nusu.

Duka la Omari Chilumba lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili na benchi moja, na lilinuka mafuta ya mashine. Omari, mwanamume mnene wa makamo aliyening'iniza utepe wa kupimia shingoni, alisimama alipoiona Land Rover, akaketi, akasimama tena.

"Fundi, wewe ndiye mwenyekiti?"

"Mwenyekiti wa nini, bwana mkubwa?"

"Kopo liko wapi?"

Omari alitazama juu ya kabati, na macho yake yakamaliza kesi. Koplo Sabina alipanda kwenye benchi akalishusha: kopo kubwa la biskuti, limezungushwa kamba na kufungwa kwa lakiri ya mshumaa. Ndani yake mlikuwa na karatasi zilizokunjwa, kila moja na tarehe, kila moja na alama ya dole gumba. Kibiki alizipanga mezani kwa kufuata tarehe. Kama hiki hakikuwa kikundi cha siri, basi kilikuwa kimefanya kila kitu ambacho kikundi cha siri hufanya.

Ndipo alipoiona suruali. Ilikuwa imetundikwa pamoja na kazi nyingine za wateja, suruali ya kaki, na kwenye kiuno chake kimebanwa kikaratasi: *M. Nampoto*. Paja la kushoto lilikuwa na doa pana la hudhurungi, lililotiririka mpaka gotini.

"Fundi," alisema Kibiki polepole. "Suruali ya mtu aliyetoweka inafanya nini hapa?"

"Aliileta nimpunguzie kiuno, bwana mkubwa. Jumanne ile, kesho yake asionekane. Wallahi."

"Na damu?"

"Damu gani?"

"Hii hapa! Umejaribu kuifua, ikakushinda."

Kibiki alikuwa ameshaweka mkono kwenye pingu alipomsikia Koplo Sabina akikohoa, kile kikohozi cha askari mdogo anayetaka kumwokoa mkubwa wake asiumbuke.

"Afande. Hiyo si damu, ni bibo."

"Ni nini?"

"Tunda la korosho. Maji yake yakikudondokea, nguo imekwisha hiyo, hata ufue mwaka mzima. Sisi tuliokulia Masasi nguo zetu zote za shamba ziko hivi."

Omari alicheka kwa woga, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Kibiki aliondoa mkono kwenye pingu. Aliona aibu, lakini aibu ilimletea swali.

"Karani wa taipu anapata wapi bibo?"

"Husaidia shambani siku za mapumziko," alisema Omari. "Kwa dada'ake."

"Wapi?"

"Hapo sijui, bwana mkubwa. Mohamedi si msemaji. Waulize wote, huyu mtu hata kikaoni..." Alijishika mdomo. Kiapo kilikuwa kimepasuka, na hakikuwa na namna ya kushonwa.

"Kwa hiyo alikuwa mjumbe," alisema Kibiki. "Endelea."

"Mjumbe wa Nne."

Kibiki aliomba vijitabu vyote sita, akaketi kwenye benchi na rula yake. Hakuwa msomaji wa hadithi. Jana alikuwa amevipitia vyote kama mtu anayesoma ripoti, na alichopata ni maumivu ya kichwa na wafalme wawili wenye jina moja. Safari hii hakujaribu kuelewa hadithi. Alichora karatasi katikati, upande mmoja akaandika maazimio ya kikao na tarehe zake, upande wa pili akamtaka Koplo Sabina amwambie kilichotokea katika kijitabu kilichofuata.

"Februari," alisoma. "Kikao kimeazimia kwamba Mfalme afe maji."

"Kijitabu cha nne, Machi. Mfalme alitumbukia mtoni, afande, lakini wavuvi wakamnasa kwenye wavu. Tulicheka!"

"Aprili. Jemadari apewe sumu na mpishi."

"Cha tano, Mei. Mpishi aliinywa mwenyewe kwa bahati mbaya."

"Juni. Ndugu wawili wapigane mpaka mmoja afe."

"Cha sita, Agosti. Walipatana wakazika upanga."

Waliendelea hivyo na maazimio mengine mpaka karatasi ikajaa. Omari aliinamisha kichwa.

"Hatukupatia hata moja," alisema. "Tuna mkosi."

"Mkosi haufanyi kazi namna hii, fundi. Mtu akibahatisha ovyo, mara moja moja atapatia. Nyinyi hamjapatia hata mara moja, na si kwamba hadithi ilikwenda kwingine. Imefika pale pale mlipoazimia, ikageuka mlangoni." Kibiki alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alihisi ardhi chini ya viatu vyake. "Mwandishi alikuwa anajua mlichoazimia. Kopo limefungwa kwa lakiri, daftari liko kwa mwalimu, na mmeapa. Basi alikuwa humu ndani. Alikaa kwenye benchi hili akawasikiliza, akarudi nyumbani akawakwepa."

"Nani? Mimi siwezi hata kuandika barua ya posa!"

Kibiki alifungua daftari la mihtasari. "Kikao cha kwanza: *Mjumbe wa Nne hakuwa na la kusema.* Cha pili: *Mjumbe wa Nne hakuwa na la kusema.* Cha tatu, cha nne, mpaka cha tisa. Mtu anakuja kwenye vikao tisa vya kubashiri na habashiri hata kidogo. Alikuwa anafanya nini?"

"Mohamedi?" Omari aliketi kwa kishindo. "Mohamedi huyu huyu? Nimemshonea miaka minne!"

"Anapiga taipu. Ofisini kwao kuna mashine ya kurudufu. Sasa nataka kujua yuko wapi." Kidole chake kiliteremka kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya *Mengineyo*, mahali ambapo hata yeye, mtu wa rula, alikuwa amepita haraka mara tatu. Mwalimu Rozalia alikuwa katibu kamili, asiyeacha kitu. *Kikao kilimshukuru Mjumbe wa Nne kwa korosho za kubanika kutoka shamba la dada yake, Mpapura.*

"Koplo, washa gari."

Njia ya Mpapura ilikuwa mchanga na makorongo, na saa nne ilipita wakiwa bado njiani. Shamba la Mwanahawa binti Nampoto lilijulikana kwa kila waliyemuuliza. Mwenyewe walimkuta amechuchumaa uani, anatandaza korosho juu ya jamvi, mwanamke mkavu mwenye kucha nyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo, mama," alisema Kibiki.

"Marahaba. Karibuni."

"Tunamtafuta Mohamedi."

"Nangu mie sijamwona." Alisema haraka mno, na macho akayaweka kwenye korosho.

Kibiki hakubishana. Alizunguka ua mikono nyuma. Kando ya mafiga kulikuwa na karatasi zilizofinyangwa, za kuwashia moto, nyeupe, nzuri, karatasi ambazo hazikununuliwa Mpapura. Aliokota moja akaikunjua. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono na kukatwakatwa mistari.

"Mama, huyu Bi Nyangala unamjua?"

"Huyo!" Mwanahawa alirusha mikono. "Kanichosha huyo! Asubuhi malkia, mchana kafa, jioni kafufuka kaolewa. Nnamwambia kaka'angu, mwache mama wa watu auze chumvi yake, wewe njoo uokote korosho. Hasikii." Kisha akatambua alichosema, akajifunika uso kwa kanga.

"Basi, dada," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Usihangaike."

Mohamedi Nampoto alikuwa mdogo wa umbo, hajanyoa, ana wino mpaka kwenye masikio. Alisimama kizingitini kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule. Kibiki alimtazama akaona furaha na hasira vinampanda pamoja. Kwa siku mbili alikuwa amemtafuta maiti huyu.

"Kwa nini ulitoroka?"

"Sikutoroka, afande. Nilikuja kuandika."

"Bila kuaga kazini? Mlango umefunga, kitanda umetandika?"

Mohamedi aliketi kwenye kinu kilicholazwa. "Nieleze vipi? Mimi niliujua mwisho kabla ya mwanzo. Ile hadithi yote niliitunga ili nifike pale. Muuza chumvi. Anapita vitabu sita, hakuna anayemjali, na mwisho yeye ndiye mrithi, na wakimpa kiti anakikataa, anarudi kwenye chumvi yake. Miaka miwili nimeuficha moyoni. Mengine yote walipobashiri niliyageuza, si kazi. Halafu kikao cha tisa Mwalimu akasimama dukani kwa fundi, korosho mkononi, akausema wote kwa dakika tano."

"Alijuaje?"

"Alisema, katika vitabu sita kila mtu akikutana na mwenzake huulizwa ukoo, isipokuwa muuza chumvi. Basi. Kweli, nilifanya hivyo makusudi, nikidhani hakuna atakayeona." Alicheka kicheko kibaya. "Wakapiga kura. Mikono yote juu. Na mimi nikanyoosha wangu. Ningefanyaje? Muhtasari ulitaka kauli moja."

"Ndipo ukaja huku kuubadilisha."

"Nimeandika miisho mitano mingine. Yote mibovu. Ile ndiyo yenyewe, afande, na sasa si yangu tena. Nilikuwa nasubiri nipate mwingine ndipo nirudi."

Kibiki alitazama saa. Ilikuwa tano na robo. "Mohamedi, nisikilize. Mwalimu Rozalia yuko mahabusu tangu Jumanne. Saa nane anapandishwa ndege kwenda Dar kwa tuhuma za kukuua."

"Kuniua mimi?"

"Wewe na mfalme."

Ilichukua muda kumwingia. Alipoelewa, alisimama, akaketi, akamtazama dada yake kana kwamba yeye ndiye angesema si kweli.

"Nikirudi mtauliza karatasi zilitoka wapi," alisema.

"Mimi mwenyewe nitauliza."

"Na stensili. Na mashine."

"Na mashine."

"Ni jela?"

Kibiki angeweza kumpa jibu la kumtuliza. Njia ilikuwa ndefu na alimhitaji aende kwa hiari yake. "Sidanganyi watu," alisema. "Naona ni jela. Mali ya umma ni mali ya umma, hata ukigawa bure."

Mohamedi aliogopa, na hakuificha hofu yake. Alisugua magoti kwa viganja mara nyingi. Kisha akaenda kwenye mtungi, akanawa uso, akaomba dakika moja avae shati safi, akatoka na bunda la karatasi kwapani. Hakuna aliyemshika mkono. Alipanda gari mwenyewe.

Njiani Kibiki alilichukua bunda kama kielelezo. Miisho mitano ilikuwa juu, imekatwakatwa. Chini kabisa kulikuwa na ukurasa mmoja mkuukuu, uliopigwa taipu vizuri, bila kosa. Aliusoma huku gari likirukaruka. Muuza chumvi aliketi mbele ya kiti kilichokuwa wazi, akakitazama, akaomba apishwe maana jua linachwa na chumvi yake iko nje. Maneno yalikuwa tofauti na ya muhtasari, lakini jambo lilikuwa lile lile. Kibiki aliusoma mara ya pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa karatasi yoyote isiyo na muhuri, akaukunja akautia mfuko wa shati.

Walifika kituoni saa saba na dakika arobaini. Ofisa kutoka Dar alikuwa kwenye kaunta, mkoba mkononi, mtu mrefu mwenye miwani, na Rozalia alikuwa amesimama pembeni yake na furushi lake dogo. Alipomwona Mohamedi akiingia kwa miguu yake miwili, furushi lilimponyoka.

"Huyu ndiye marehemu," alisema Kibiki.

Ofisa alimtazama marehemu juu mpaka chini. "Vizuri. Mauaji hayapo. Njama je? Mfalme ni nani?"

"Ni wangu," alisema Mohamedi. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilisikika. "Nilimtunga mimi, kwa karatasi za ofisi na mashine ya ofisi, jioni wenzangu wakishaondoka. Hawa walikuwa wanabashiri hadithi yangu. Mwalimu hana kosa. Niandikeni mimi."

Ofisa alichukua karatasi ya Kibiki, ile yenye mstari katikati, akasoma maazimio upande huu na vijitabu upande ule, mpaka chini. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Inspekta," alisema, "ripoti ya jambo hili utaiandika wewe, na utaiandika vizuri, maana mimi siwezi kusimama mbele ya mtu yeyote Dar es Salaam nikalieleza." Akaenda zake uwanja wa ndege peke yake.

Rozalia aliambiwa yuko huru. Angetakiwa akimbie kwa jirani kumchukua mwanawe, na alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni, kisha akarudi. Mohamedi alikuwa ameshaanza kuvua mkanda na kamba za viatu, kama wafanyavyo wanaoingia kule alikotoka Mwalimu.

"Ni wewe," alisema Rozalia. "Muda wote ule, unakula korosho na sisi."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ulikimbia kwa sababu yangu?"

"Hapana."

"Mimi nafundisha hesabu, Mohamedi. Nilibashiri muuza chumvi siku ya Jumamosi, Jumatano hukuonekana." Machozi yalikuwa yamemjaa, yeye ambaye kwa siku mbili hakutoa hata moja mbele ya polisi. "Kama nimekuharibia kitabu, niambie. Maana sasa ninatoka mimi, unaingia wewe, na nikijua kwamba hata hadithi yenyewe nimeiua, sitaweza kulala."

Mohamedi alishika kamba zake za viatu. Alimtazama Kibiki kwanza, kisha mfuko wa shati la Kibiki, kisha akamgeukia mwalimu.

"Ulikosea," alisema.

"Nilikosea?"

"Kabisa. Si muuza chumvi. Hata karibu hujafika."

Uso wa Rozalia ukafunguka, akacheka kwa sauti pale pale kaunta, machozi yakimtiririka. "Nilijua! Moyoni nilijua ni rahisi mno! Basi ni nani?"

"Subiri."

"Ni yule kipofu wa ngoma?"

"Mwalimu, nenda kamchukue mtoto. Subiri kama wengine."

Alitoka mbio, bado anacheka, furushi kalisahau sakafuni. Mohamedi aliweka kamba za viatu juu ya kaunta, zote mbili. Mwisho mmoja tu alikuwa nao duniani, na alikuwa ameutupa ili Mwalimu apate usingizi.

Koplo Sabina alikuwa anaandika maelezo ya mtuhumiwa. Amri ya Inspekta Kibiki ilijulikana kwa kila askari pale: lolote linalosemwa mbele ya kaunta liandikwe, neno kwa neno, na katika miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kulegeza. Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Afande, na hilo la muuza chumvi niliandike?"

Kibiki aligusa mfuko wa shati.

"Hilo liache," alisema.